Amiga 500 sebuleni: miezi minne ya kusikiliza muziki kwa kompyuta ya 1987

Nianze na onyo: ukitaka mashine ya kupigia MP3, usinunue Amiga 500. Simu ya bei ya chini kuliko zote dukani inaishinda. Mimi hilo nilikuwa nalijua nusu nusu, na nusu niliyokuwa siijui nimeilipia.

Yangu niliikuta kwenye soko la mitumba hapa Ujerumani ninakoishi. Commodore, kampuni iliyoitengeneza, waliuza mashine nyingi sana huku, ndiyo maana hadi leo watu wakisafisha dari zao hawakosi kuibua moja. Nilitoa euro 120, pamoja na mausi na kiboksi cha umeme kizito kama tofali. Plastiki imegeuka rangi ya siagi. Prosesa ni Motorola 68000 ya megahezi 7 na kidogo, kumbukumbu kilobaiti 512. Picha naipeleka kwenye TV kwa kebo ya SCART, sauti inatoka kwenye matundu mawili ya nyuma, jekundu na jeupe, hadi kwenye amplifaya.

Flopi za zamani nyingi zimeota ukungu, kwa hiyo niliongeza Gotek, kisanduku kinachokaa mahali pa kisoma flopi na kusoma flashi ya USB. Hapo nilipoteza wiki mbili. Muuzaji alisema kiko tayari kwa Amiga, kumbe bado kina programu ya kiwandani, ambayo Amiga haielewi kabisa. Ikabidi nikae mwenyewe na waya na bisibisi kukiwekea programu mbadala, FlashFloppy ya Keir Fraser, ambayo ni ya bure. Ukienda kununua, uliza kwanza kama ina FlashFloppy. Muuzaji akianza kujiumauma, tafuta mwingine.

Haya, muziki. Faili zinazoipendeza Amiga ni MOD, na jina lake kwa desturi huanza na “mod.” mbele, si kuishia nayo kama tulivyozoea. MOD si rekodi. Ndani yake mna vipande vifupi vya sauti, labda pigo moja la ngoma, besi kidogo, uzi mmoja wa gitaa, halafu maelekezo ya kipi kipigwe lini na kwa kimo gani, mistari 64 kila ukurasa. Mtindo huu aliuanzisha Karsten Obarski na programu yake ya Ultimate Soundtracker, mwaka 1987 huohuo. Kwa hiyo wimbo wa dakika nne unaweza kuenea kwenye kilobaiti 150 tu. Anayeupiga ni Paula, chipu ya sauti yenye njia nne za biti 8. Paula anajichotea data mwenyewe kutoka kwenye kumbukumbu, prosesa inabaki na nafasi ya kufanya mengine.

Na anapiga! Besi ni nene, ngoma zina ukali ambao kwenye laptopu yangu siupati hata kwa faili ileile. Tatizo ni kwamba njia mbili zinakwenda kushoto na mbili kulia, bila kuchanganyika hata kidogo. Kwenye spika ni raha. Kwenye hedifoni ni kama umekaa disko vumbi, sikio moja ndani ya spika. Nililehemu rezista kati ya njia hizo mbili, nafuu ikapatikana. Tazama pia taa ya umeme iliyo kwenye Amiga yenyewe: ikiwaka kwa nguvu, kichujio kinakata sauti za juu, ikififia, kichujio kimezimwa. Mimi naipenda imefifia.

MP3 prosesa hii haiwezi kuifungua kwa mwendo wa wimbo. Wapo wanaoing'oa na kuweka PiStorm, kadi inayoipa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kisasa, kazi yote. Kwangu hapo anayeimba ni Raspberry, Amiga amekaa tu kama bwana harusi.

Lakini ubishi haukuniisha. Nilikuwa na taarabu niliyorekodi harusini kwetu Tanga, nikaigeuza kwa Audacity kuwa 8SVX, faili ya sauti ya Amiga. Kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 22,050 kila sekunde, flopi nzima ya kilobaiti 880 inajaa kwa sekunde 40, na kumbukumbu inajaa kabla ya hapo. Nikashusha hadi 11,025, nikabakiza sekunde 20. Biti 8 ni ngazi 256 tu, basi kila ganuni ilipofifia kulibaki mchakacho. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni: “Baba Zuhura, hiyo ni taarabu au unakaanga samaki?”

Usiku ule nikakata mlio mmoja tu wa ganuni, haufiki hata sekunde moja, kilobaiti 9. Nikauingiza kwenye ProTracker, programu ya kutungia MOD, kama ala, nikaandika nota zake mstari kwa mstari, nyingine mbiombio jinsi mpiga ganuni anavyofanya. Mchakacho haukusikika tena, kwa kuwa kila mlio ulikatizwa na unaofuata kabla haujafifia. Ngoma nikaziazima kwenye MOD ya mtu mwingine. Ilipotimu saa saba nilikuwa na dakika moja na nusu ya wimbo, na nikaupiga kwa sauti.

Safari hii Mama Zuhura hakuuliza habari za samaki. Aliuliza kama kitufe cha kupunguza sauti nacho ni cha 1987.