TAHADHARI: Ziara ya "kula na kutembea" Old Delhi, ndugu wa wagonjwa tunawindwa

Ndugu zangu mnaokuja India kwa matibabu, na nyinyi mnaosindikiza wagonjwa, someni hii kabla hamjatoa hata rupia moja. Kuna watu wanazunguka kwenye magesti ya kusini mwa Delhi, kule tunakofikia wengi kwa sababu ya hospitali, wanauza ziara ya siku moja ya mji mkongwe: kula vyakula vya mtaani, kuingia Ngome Nyekundu, kuona msikiti wa Jama Masjid, kupanda riksha. Sisi tumelizwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Pesa inauma, lakini kilichonifanya niandike ni baba. Ana wiki ya tano tu tangu abadilishwe valvu ya moyo, na aliachwa amesimama katikati ya soko la viungo, hana kiti wala maji.

Jina la kampuni silitaji. La kwenye kipeperushi si lile la kwenye risiti, na simu yao sasa haipatikani. Mkikariri jina watakuja na jingine. Karirini mtindo wao.

Kijana alikuja gesti jioni, nadhifu, ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Akatusalimia kwa Kiswahili: "Karibu mama, pole na mgonjwa." Maneno hayo tu yalimlegeza mama. Akaahidi vituo vinane vya chakula, tiketi za ngome, riksha mbili za kushinda nasi, maji ya chupa na gari ya kwenda na kurudi. Mzee hatatembea hata hatua mia, alisema. Bei ni rupia 3,500 kwa kichwa, kama laki moja ya kwetu, na tulikuwa wanne: baba, mama, shangazi na mimi. Alitaka zote mkononi usiku ule ule, taslimu. Hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa halali angepokea arbuni, zilizobaki angezidai kazi ikiisha.

Baba alikuwa na hamu na ngome hiyo kwa sababu kila tarehe 15 Agosti humwona Waziri Mkuu wa India kwenye televisheni akipandisha bendera pale juu. Tulipofika, kijana akatuambia imefungwa ghafla kwa ajili ya ugeni wa serikali. Shangazi, ambaye hapitwi na maandishi, akasoma kibao: ngome hufungwa kila Jumatatu. Si siku ile tu, ni Jumatatu zote za mwaka. Huyu mtu alituuzia tiketi ya mahali anapojua hapafunguliwi, na siku aliichagua yeye mwenyewe.

Tukaenda Jama Masjid. Nje, karibu na ngazi, akatutoza rupia 300 kila mmoja, akisema ni kiingilio cha wageni. Tukapanda, tukavua viatu, tukaingia, na hakuna aliyetuuliza tiketi. Ndani, mzee mmoja wa pale aliyeona tunatia udhu alitueleza kwamba anayekuja kuswali halipi. Kinachotozwa ni kamera. Rupia 1,200 zikawa zimeshaingia mfukoni mwa kijana. Niseme ukweli, kusimama kwenye ua ule wa mawe mekundu uliomalizika mwaka 1656, ukaswali adhuhuri bega kwa bega na watu usiowajua, kulimfuta mama hasira zote. Mimi hazikunitoka.

Vituo vinane vya chakula vikawa viwili. Cha kwanza jalebi, vile vitamu vya kukaanga vyenye shira, na zilikuwa za moto, nzuri. Cha pili golgappa, yale mapuri madogo makavu ya unga yanayotobolewa na kujazwa maji ya ukwaju na nanaa. Yeyote aliyekunywa urojo pale Forodhani ataelewa kwa nini baba alivitamani. Muuzaji alikuwa akichovya mkono mtupu kwenye ndoo ya maji. Nikasema mgonjwa wetu amekatazwa na daktari maji yasiyochemshwa. Kijana akacheka, akamwekea baba kimoja mkononi, akamwambia ale, ni dawa ya tumbo. Nilimnyang'anya baba mkononi mbele za watu, na sijutii. Mtu aliyetoka kupasuliwa moyo akiharisha siku mbili, ni kurudi wodini. Anayefanya biashara na wagonjwa anapaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Baada ya hapo ikawa ni maduka. Tuliingizwa kwenye jengo la ghorofa tatu, kiyoyozi kikali, mlango ukafungwa nyuma yetu, ikaletwa chai ya iliki. Wakatuambia ni duka la serikali la kazi za mikono. Tulikaa saa moja na nusu. Kila tukiinuka, shali nyingine inatandikwa. Mwishowe shangazi alitoa rupia 11,000 kwa shali mbili za "pashmina", yaani sufu laini ya mbuzi, ili tu turuhusiwe kuondoka. Usiku gesti nilichomoa uzi mmoja nikauchoma. Sufu ikiungua hunuka kama nywele na kuacha jivu linalosagika. Ule uliyeyuka, ukatoa harufu ya mfuko wa plastiki, ukaacha kidonge kigumu cheusi.

Kisha Khari Baoli, soko la viungo, na hapa walikutana na mtu wao. Baba amekulia Pemba, ameanika karafuu tangu hajaanza shule. Duka tulilopelekwa walimtolea gunia dogo, wakamwambia ni karafuu za Zanzibar, daraja la kwanza, rupia 2,000 kwa kilo. Baba hakusema kitu. Alichukua punje moja, akaibana kwa ukucha wa kidole gumba chini ya kichwa. Karafuu nzima ukiibana hivyo hutoa mafuta, ukucha unang'aa. Ile ilivunjika kama kijiti. Akaomba maji kwenye bilauri, akadondosha punje tano. Karafuu yenye mafuta yake huzama, au husimama wima majini. Zile zote zililala juu kama takataka za mto. "Zimeshakamuliwa," akasema, "na nusu yake ni makonyo," yaani vikonyo vya karafuu. Nilimtafsiria muuzaji. Akafunga gunia, akamtazama kijana kwa jicho la kumlaumu, na kuanzia pale tukawa si wateja tena.

Kijana akasema anakwenda kuita riksha. Hakurudi. Watu wanapishana na magunia kichwani, vumbi la pilipili linakaba koo, baba ameshika ukuta. Aliyetuokoa ni mwenye duka la jirani, hatumjui wala hatukununua kwake. Alitoa stuli yake mwenyewe akamkalisha baba. Waliokuja baadaye ni wale wazee wawili wa riksha za kukanyaga waliotubeba asubuhi, wanatutafuta. Hawakuwa wamelipwa. Mmoja alikuwa na mvi tupu na miguu myembamba, na alikuwa ameshinda akitusubiri. Tuliwalipa sisi. Nisingeweza kulala.

Sasa msije mkaacha kuuona mji ule kwa sababu ya papasi mmoja, dalali wa kuwalia watalii. Alhamisi tulirudi wenyewe. Kama mmefikia upande wa Lajpat Nagar, kuna metro, treni ya mjini, ya moja kwa moja, laini ya zambarau, ina kituo kinachoitwa Lal Qila penye ngome na kingine Jama Masjid. Vituo vina lifti, mgonjwa hapandi ngazi. Tiketi za ngome nunueni kwenye dirisha la idara ya mambo ya kale pale pale, au mtandaoni kwao. Mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, hilo si utapeli. Barabara kuu ya Chandni Chowk mchana hairuhusu magari, kwa hiyo riksha ya kukanyaga inapita vizuri. Patana bei kabla ya kupanda, na mlipe mkanyagaji mwenyewe mkononi.

Chakula cha halali kimejaa mtaa wa Matia Mahal, mbele ya msikiti. Karim's iko pale tangu 1913 na supu yao inakuja inachemka. Kwa asiyekula nyama, hekalu la Masingasinga la Sis Ganj hugawa chakula bure kwa kila mtu wa dini yoyote. Unafunika kichwa, unavua viatu, unakaa chini na wenzako. Baba alikula dengu na chapati pale, akasema zinafanana na za nyumbani. Jamani, mgonjwa msimpe golgappa, matunda yaliyokatwa wala barafu, hata akilia.

Mkitaka shali au zawadi, duka la kweli la serikali lipo barabara ya Janpath, linaitwa Central Cottage Industries Emporium, bei zimeandikwa na hakuna anayekufungia mlango. Ofisi ya kweli ya utalii ya serikali nayo ni Janpath, namba 88. Ukipelekwa kwingine ukaambiwa ndiyo ofisi ya serikali, toka.

Mwongoza watalii mwenye leseni ana kitambulisho cha Wizara ya Utalii. Mwombe, kipige picha, na muulize swali moja: tutapita maduka mangapi? Akisitasita, achana naye.

Ambao mmeshatoa pesa na ziara bado, pigeni 1363, simu ya msaada kwa watalii, inapokea saa zote. Kwa dharura ni 112. Hifadhini risiti na meseji zao kabla hawajazifuta. Mimi nimeshatoa taarifa na nimepewa namba ya kumbukumbu. Yeyote aliyeuziwa na kijana wa namna hiyo aniandikie, tuunganishe malalamiko yetu yawe faili moja. Gesti tuliyofikia wameviondoa vipeperushi vyake mapokezi. Kwenye gesti mbili za jirani nilizopita jana bado vipo.