Tepu ya faiba ya mita 30 kutoka Mwanjelwa: inatosha kupimia mabaki ya meli Ziwa Nyasa?

Inatosha. Anayetaka kupima mabaki ya meli au jahazi kwenye maji mafupi upande wa Matema na Kyela hana haja ya kuagiza mtambo kutoka nje. Tepu ya faiba inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, jijini Mbeya, ile ya kupimia viwanja, inaifanya kazi hiyo vizuri, mradi uichague kwa macho yako na ujue inapokosea. Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama 1545 na kuopolewa Oktoba 1982, ilipimwa chini ya maji kwa tepu, kutoka vituo vilivyowekwa kwenye eneo la mabaki.

Dukani utakuta aina mbili. Moja imefungiwa ndani ya kasha la plastiki, nyingine ina fremu wazi na mkono wa kukunjia. Chukua ya fremu wazi. Tope laini linaloletwa na mto Lufilyo likiingia ndani ya kasha halina pa kutokea, na tepu hukwama nusu nje, nusu ndani. Ya fremu wazi unaisuuza kwa ndoo moja ya maji safi, basi.

Kabla hujalipa, vuta mita ya kwanza uisome. Tafuta alama ya daraja la usahihi. Tepu ya daraja la II ya mita 30 inaruhusiwa kukosea milimita 6.3 tu, ya daraja la III, milimita 12.6. Zote mbili zinafaa. Isiyo na alama yoyote ipime kwanza: itandaze kwenye sakafu iliyonyooka, ivute kwa mizani ya kuning'iniza ifike kilo 2, kisha uilinganishe na futi ya chuma kipande kwa kipande.

Angalia pia sifuri iko wapi. Kwenye tepu nyingine sifuri ni ukingo wa nje wa pete ya chuma. Kwenye nyingine ni mstari uliochapwa sentimita kadhaa ndani. Wazamiaji wawili wenye tepu mbili za sifuri tofauti wataleta michoro miwili isiyokutana, na kila mmoja atakuwa na hakika na namba zake. Nunua zote za aina moja. Kasoro kubwa ya tepu hizi ni upande wa pili wenye futi na inchi: kwenye maji yenye ukungu tepu hujipindua, mtu akasoma upande usio wake. Ukipata yenye mita pande zote mbili, usiiache.

Kazi yenyewe huenda hivi. Zungushia mabaki vituo vinne. Kwa chombo kinachozidi mita 12, weka sita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja, iliyogongelewa mchangani ikabaki sentimita 20 juu, inafaa. Usigongelee kitu chochote kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo) wala kwenye mataruma (mbavu zake). Pima umbali kati ya vituo vyote: vinne vina vipimo 6, sita vina 15. Kisha kila sehemu unayoitaka, iwe ncha ya omo (mbele ya chombo), taruma au msumari, ipimie kutoka vituo visivyopungua vitatu, na cha nne kwa kuhakiki. Chagua vituo ambavyo mistari yake hukutana kwa pembe iliyo karibu na nyuzi 90. Ikishuka chini ya 30, kosa dogo la tepu hugeuka kosa kubwa la mahali.

Kwa kuwa tepu huenda mshazari, kina cha kila sehemu lazima kiandikwe. Umbali wa mita 8.00 wenye tofauti ya kina ya mita 1.5 ni mita 7.86 kwenye ramani. Kipimo cha kina kilichotengenezwa kwa ajili ya bahari husoma pungufu kwa asilimia 2 hadi 3 kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kama ya Nyasa, na kwa kina cha mita 6 hizo ni kama sentimita 15. Dawa yake ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ule wa mafundi wa levo, ila hapa unajazwa hewa badala ya maji. Midomo yote miwili itazame chini, mmoja ufungwe kwenye kituo. Jaza hewa mpaka ianze kutoka kwenye mdomo uliofungwa. Pale maji yanaposimama ndani ya mdomo wa pili ndipo usawa wa kituo chako.

Sasa makosa. Peter Holt, mtaalamu wa upimaji wa chini ya maji, alipochunguza vipimo vya tepu, katika kazi aliyoitoa 2003, alikuta mtawanyiko wa milimita 25, na kipimo 1 kati ya 5 kikiwa kimekosewa kabisa. Ndiyo maana cha nne si cha kuachwa. Chanzo kimoja ni mkondo: tepu ya mita 10 ikipinda sentimita 30 katikati, inasoma zaidi kwa sentimita 2.4. Ivute, itikise kidogo ili ijinyooshe, ndipo usome. Chanzo kingine ni ubao unaoikwaza njiani.

Andika kwa penseli kwenye karatasi ya plastiki ya kuchorea ramani. Ukitoka majini, siku hiyo hiyo, chora kwa bikari, kwa kipimo cha 1:20, duara ya kila umbali kutoka kituo chake. Duara tatu zikikutana na kuacha pembetatu inayozidi milimita 2.5, rudi ukapime tena.

Tepu ina mpaka wake. Matema, chini ya milima ya Livingstone, ufuko huporomoka haraka, na ziwa lenyewe lina kina kinachofika mita 706. Vyombo vilivyolala kirefu ni kazi ya mitambo ya mawimbi ya sauti. Wala tepu isikutume Liuli kutafuta Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani: ilipigwa na Guendolen, meli ya Waingereza, tarehe 13 Agosti 1914, lakini baadaye Waingereza waliitengeneza wakaitumia kwa jina la King George V.

Pima, piga picha, acha kitu mahali pake. Ubao ulioloa kwa miaka mingi ukikaushwa juani hunywea na kupasuka; mbao za Mary Rose zilinyunyiziwa maji na dawa hadi 2013. Kuchimba kunahitaji kibali cha Idara ya Mambo ya Kale.

Kwa wanaozamia na mitungi: ziwa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini kama 1,700, na barabara karibu na Isyonje hupita mita 2,000. Kupanda huko jioni ya siku uliyozamia ni sawa na kupanda ndege, na naitrojeni iliyobaki mwilini hutoa mapovu. Baada ya mizamo kadhaa, lala Matema au Kyela, saa 18 zipite ndipo uanze safari.

Tepu nayo isuuze, ikaushe kivulini, kisha uikunje. Mita ya kwanza ndiyo huchakaa mapema. Ikikatika usiiunge, ipe kazi ya kugawia eneo, ununue nyingine ya kupimia.