Core i7-2600K kwenye joto la Tabora: 4.4 GHz imetulia, 4.8 sikushauri

Wakuu habari za mihangaiko. Hii prosesa ya Intel Core i7-2600K ilitoka Januari 2011 na mi mpaka leo naitumia kuedit video za harusi na sendofu hapa Isevya, Tabora. Nimeona niiandike vizuri maana vijana wengi sa hivi wanaagiza mashine used kutoka Dar wanaambiwa "hiyo ni K bwana unaisukuma mpaka 5 giga", afu hakuna anayewaambia jambo la msingi, ikishasukumwa hivyo je itatulia, yaani ifanye kazi bila kukosea wala kuganda? Na itatulia saa nane mchana mwezi wa kumi au saa sita usiku mwezi wa sita?

Yenyewe ina kori 4 (vichwa vya kupiga hesabu) na thredi 8 (kila kori inabeba kazi mbili kwa mpigo), kasi ya kiwandani 3.4 GHz, ikijipandisha yenyewe inafika 3.8. Soketi ni LGA1155, rami DDR3. Ile K mwishoni maana yake maltiplaya iko wazi, bodi inatoa 100 MHz we unaingia bayosi (ile menyu ya mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka) unaiambia zidisha mara 44, umepata 4.4 GHz. Ila bodi iwe ya chipseti P67, Z68 au Z77. Ukiletewa K imepachikwa kwenye bodi ya H61 usilipie hela ya K, pale huisogezi popote.

Kitu nachoipendea sana hii prosesa ni kwamba lile bati la juu limelehemewa moja kwa moja na chipu ndani. Mdogo wake i7-3770K wa 2012 waliwekea pesti hapo katikati, joto likawa linatoka kwa shida. Hii ukiipa hitisinki (lile dude la mapezi na feni la kutoa joto) ya maana inapumua. Yangu nimeifunga Cooler Master Hyper 212 EVO, ile yenye paipu nne na feni ya milimita 120, na hiyo ndo naipendekeza kwa hali yetu, kitu cha maji sikitaki huku, pampu ikifa utaipata wapi na kazi ya mtu inatakiwa Jumamosi.

Sasa twende kwenye ovakloki yenyewe, yaani huko kuisukuma prosesa kupita kasi ya kiwandani. Chipu yangu inakaa 4.4 kwa volti 1.28. Ukitaka 4.8 inadai volti 1.42, na hapo ndo watu wengi hawapigi hesabu, maana umeme unaoliwa unafuata kasi ya prosesa (GHz) ukizidisha na mraba wa volti. Piga mwenyewe utaona, kasi imeongezeka kama asilimia 9 tu lakini moto umeongezeka karibu asilimia 34. Na moto wote huo unatolewa na feni inayovuta hewa ya chumba hichohicho. Chumba kikipanda digrii 14 na prosesa nayo inapanda kama digrii 14, hitisinki haina ubaridi wake yenyewe.

Ndo maana nasema kupima usiku wa Juni hakutoshi. Chumba changu usiku huo kinacheza kwenye 20, mchana wa Oktoba chini ya bati kinafika 34. Ile 4.8 usiku ilikuwa inapita vizuri tu, kori zinasoma 82, 83, unajiona umemaliza kazi. Mchana wa Oktoba ikagonga 97 na hii chipu kikomo chake ni 98, ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe kujiokoa, yaani umepandisha volti ili uende polepole! Na hata kabla haijafika kikomo, chipu ikiwa ya moto inakosea hesabu kwa volti ileile iliyokuwa inatosha ikiwa ya baridi.

Kukosea hesabu kunaonekanaje? Hapa naomba muelewe vizuri maana wengi wanadhani mashine isiyotulia lazima ilete skrini ya bluu. Fungua Prime95, programu ya kuipa prosesa hesabu nzito, chagua jaribio la Small FFTs, pembeni weka HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, uone joto. Kila thredi ina kidirisha chake. Kuna mchana mmoja dirisha la tano likaandika "Rounding was 0.5, expected less than 0.4" likasimama, yale mengine saba yanaendelea kama kawaida, Windows haijatetereka, mziki unapiga. Ukiwa huangalii unasema imepita. Kumbe hiyo kori moja inadanganya, na kwenye kazi yangu ndo unakuta video ya kuingia ukumbini ina vipande vya kijani katikati, bibi harusi kakatika uso. Hiyo siwezi kumpa mteja.

Baada ya hapo jaribio la Blend humohumo kwenye Prime95 kwa ajili ya rami, afu renda ya kweli ndefu. Afu muiache usiku kucha haifanyi kitu, wengi hawapimi hii, maana ikipumzika inashuka mpaka 1.6 GHz na volti inashuka nayo, ukiwa umeibana sana ofseti (volti unayoongeza au kupunguza kwenye ile ya kawaida) inaganda ikiwa imelala. Mwisho ingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, uangalie WHEA-Logger namba 19, hizo ni kosa ambazo prosesa imezirekebisha yenyewe kimyakimya. Ukiziona ongeza volti kidogo au shusha maltiplaya, usibishane nayo.

Na umeme sasa. Ukikatika katikati ya kupima unarudi unakuta humo Kernel-Power 41, yaani mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, na mashine ikifa kwa ovakloki mbovu nayo inaandika 41 hiyohiyo. Fungua ndani uangalie BugcheckCode, namba ya kosa lililoiangusha Windows. Ikiwa 292, hiyo ni 0x124, prosesa yako imelalamika, ikiwa 257 ni 0x101 na mara nyingi ni volti haitoshi. Ikiwa 0 basi labda ni umeme, labda imeganda ukairestart, huwezi kujua. Ndo maana bila UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) mi naona kupima ni kupoteza muda, nunueni UPS kabla ya hata hiyo hitisinki. Na kiangazi pulizeni vumbi, hili vumbi letu jekundu likijaa kwenye mapezi joto linapanda bila kugusa bayosi.

Kasoro zake zipo. Haina AVX2 (amri za hesabu ambazo prosesa mpya zaidi zinazo), haipo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025. Core i3-12100 ya 2022 ina kori 4 na thredi 8 vilevile na inaipita hii bila ovakloki yoyote, kwa hiyo kama unaanza na huna bodi wala rami nenda huko tu. Ila kama Z68 au Z77 unayo tayari, tafuta 2600K, weka 4.4, usivuke volti 1.35 kwa feni, na ukiletewa mashine fundi anasema "nimeshaipima imetulia", muulize aliipima saa ngapi, afu uiwashie Prime95 saa nane mchana mbele yake kabla hujatoa hela.