Zana za bure za kutengeneza masomo shirikishi mtandaoni: uanze na ipi?

Zana ya bure haikutoi fedha mfukoni, lakini inakula saa zako, na saa hizo hazirudi ukigundua mwishoni kwamba somo halikubaliki kwenye mfumo wa shule. Kwa hiyo hatukuzipanga hizi kwa wingi wa mapambo. Tumeuliza mawili tu: somo linatoka likiwa faili la namna gani, na je, mwakani utaweza kulifungua ulirekebishe?

Amua kwanza kama unataka alama za wanafunzi zirekodiwe. Ukizitaka, mfumo wa kusimamia mafunzo kama Moodle utahitaji kifurushi cha SCORM (kanuni ya pamoja inayowezesha somo kupeleka alama kwenye mfumo) au faili la H5P (muundo wa mazoezi shirikishi). Usipozihitaji, ukurasa wa HTML, yaani wa kawaida wa wavuti, unatosha kabisa.

1. eXeLearning

Kwa mwalimu anayefanya kazi peke yake, tunaiweka juu bila kusita. Ni programu huria ya kusakinisha kwenye kompyuta, na haihitaji intaneti wakati wa kuandaa somo. Unapanga kurasa kama matawi ya mti, kisha unajaza maandishi, picha na mazoezi. Kazi hiyohiyo moja unaweza kuitoa kama SCORM 1.2, tovuti ya HTML au kitabu cha EPUB. Sura yake ni ya kawaida. Usiitegemee kwa madoido.

Lalamiko linalosikika sana ni kwamba mwanafunzi amemaliza lakini safu ya alama ni tupu. Mara nyingi sababu iko kwenye mipangilio ya zoezi lenyewe: sehemu ya kuhifadhi alama haikuwashwa. Ikague kwenye kila zoezi kabla ya kutoa kifurushi. Tunza pia faili la chanzo, ambalo ni .elp, au .elpx kwa toleo la 3. Timu nzima itumie toleo moja, la sivyo mmoja atashindwa kufungua kazi ya mwenzake.

2. H5P, ukiiandalia ndani ya Lumi

Kama somo lako linategemea video, ipandishe hii hadi nafasi ya kwanza. Aina yake ya video shirikishi inakuruhusu kusimamisha video sekunde unayotaka, kuuliza swali, na kumzuia mwanafunzi asiruke mbele. Moodle ina shughuli ya H5P ndani yake tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, kwa hiyo huko huhitaji kuongeza kitu. Kwa walio nje ya Moodle, Lumi ni programu ya bure ya kompyuta inayohariri faili za .h5p na kuzitoa kama HTML au SCORM. Usiichanganye na huduma ya H5P.com, ambayo ni ya kulipia.

Angalia uzito. HTML ya faili moja humeza video yote kwa usimbaji unaoongeza takriban theluthi moja, hivyo video ya MB 60 inakuwa kama MB 80, na simu ya kawaida itahangaika. Punguza video kwanza. Tena, HTML hiyo ikifunguliwa peke yake haipeleki alama popote.

3. Adapt

Masomo yake yanajipanga vizuri mno kwenye skrini ndogo, pengine kuliko yote hapa. Lakini chombo chake cha kuandalia kinataka seva yenye programu za Node.js na MongoDB. Kama hakuna fundi wa kuisimamia, iache. Ukiitumia, hakikisha kiendelezi kiitwacho Spoor kimewashwa, kwani ndicho kinachozungumza na mfumo kwa njia ya SCORM.

4. Xerte

Ilizaliwa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Inafaa taasisi yenye seva ya PHP (lugha ya programu za tovuti) na waandishi kadhaa wanaogawana kazi. Kwa mtu mmoja ni mzigo.

5. Twine

Nzuri kwa hadithi zenye njia panda, ambapo uamuzi wa mwanafunzi unabadilisha kinachofuata. Alama haipeleki. Ukiitumia ndani ya kivinjari, kazi yako inakaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari hichohicho, na mtu akiifuta, hadithi imepotea. Sakinisha ile ya kompyuta, au hifadhi nakala kila unapomaliza.

Kabla ya kuandika somo zima

Tengeneza somo dogo la kurasa 3, video 1 na maswali 2. Lipakie kwenye mfumo wenu, kisha lifungue kwa akaunti ya mwanafunzi wa majaribio, maana akaunti ya mwalimu mara nyingi haihesabiwi. Jibu swali moja, toka, rudi. Je, umerudi pale ulipoishia? Je, alama imeonekana? Rudia kwenye simu.

Kifurushi kikikataliwa, fungua zip yake: faili la imsmanifest.xml lazima liwe juu kabisa, si ndani ya folda nyingine. Hitilafu hiyo hutokea mtu anapofungua kifurushi na kukifunga upya kwa mkono. Faili likikataa kupakiwa, uliza kikomo cha ukubwa wa faili kwenye seva, kwani PHP isiyobadilishwa hupokea faili la MB 2 tu. Na somo refu likisahau mwanafunzi alipofikia, kumbuka SCORM 1.2 ina nafasi ya herufi 4,096 tu za kuhifadhi maendeleo. Ligawe vipande viwili au vitatu.