Apdeti ya kisafishio cha kompyuta imenifungia Chrome mteja akiwa katikati ya fomu

Mi nina kasteshenari kadogo hapa Moshi, upande wa Mbuyuni, kompyuta tatu za mtumba za Windows 10, printa, skana, na mashine ya kopi ambayo ingekuwa mtu ingeshaoa. Kazi zetu mnazijua, fomu za mkopo wa chuo, TIN, kuhakiki cheti cha kuzaliwa, na wale wa "mangi niprintie hii nimekutumia WhatsApp". Kwa biashara hii programu ya kusafisha mashine ni lazima, na wala sio kwa ajili ya nafasi tu, ni kwamba wateja wanaacha email zao wazi. Mtu anaprinti CV anaondoka zake, anayekuja nyuma yake akifungua Gmail anakutana na mambo ya mwenzake yote, hadi barua ya kuachishwa kazi nimewahi kuikuta.

Jina la programu naliacha, ni moja ya hizi za bure ambazo kila siku zinakubembeleza ulipie. Nimekaa nayo miaka mitatu na nilikuwa naisifia kwa kila mtu. Zamani ukiiambia isafishe wakati Chrome au Firefox iko wazi inakuuliza kwanza, brauza iko wazi, niifunge au niiruke? Usipojibu inairuka, inaendelea na mengine. Kwa hiyo mi nikaiwekea ratiba ijiwashe yenyewe saa saba mchana, muda ambao wateja wanapungua na mi natoka kutafuta ndizi, nikijua ikikuta mtu yuko kwenye kazi itapita pembeni.

Ikaja apdeti. Kikatokea kidirisha chenye maelezo marefu ya Kiingereza na kitufe cha sawa, nikabonyeza sawa. Mambo mapya huwa nasoma kwenye bei ya karatasi tu.

Siku iliyofuata kaja mama mmoja kutoka Kibosho na bahasha yake ya kaki, mtoto anaomba mkopo wa chuo. Tumejaza pole pole, kila jina linaangaliwa kwenye cheti herufi kwa herufi maana ukikosea hapo ni kesi, tumefika kwa mdhamini, namba ya NIDA ya mdhamini anaisoma kwa sauti kutoka kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne, amebakiza tarakimu tatu... kioo kikabaki picha ya Kilimanjaro niliyoweka nyuma. Chrome haipo. Nilijua umeme umekatika, nikaangalia juu, taa inawaka. Mama akauliza "mwanangu, imeenda?" na mi sijui hata nimjibu imeenda wapi. Pembeni chini kakatokea kaujumbe, kwamba brauza zimefungwa ili zisafishwe vizuri na sasa mashine yako ni safi. Saa saba na dakika moja.

Sasa ubaya ni kwamba fomu za wateja mi huwa nazijazia kwenye lile dirisha jeusi la siri, ili taarifa za mtu zisibaki kwangu. Dirisha hilo likifungwa hata ubonyeze Ctrl na Shift na T hadi kidole kiote sugu harudi mtu. Ingekuwa dirisha la kawaida angalau kurasa zingerudi, ingawa napo kuki, vile vifaili vinavyokumbuka kwamba umeshalogini, zikishafutwa unaambiwa ulogini upya na ulichoandika bila kusevu kimeenda. Tukaanza ukurasa ule upya, yule mama akaachwa na Noah, gari lake la kurudi, hela ya kazi sikuchukua na soda nikamnunulia juu. Hakugomba, na ndo kilichoniuma zaidi, bora angegomba.

Jioni nikakaa nayo nijue imekuwaje, na hapa lazima niseme ukweli hata kama nina hasira. Brauza ikiwa wazi yale mafaili ya historia na kuki inakuwa imeyashikilia, programu nyingine haiwezi kuyagusa vizuri. Kwa hiyo kile kisafishio changu cha zamani nilichokuwa nakisifia kwa adabu yake, kumbe kilikuwa kila siku saa saba kinakuta Chrome wazi, kinaruka, kinaniandikia kazi imekamilika. Na hata ukifunga Chrome kwa ile X bado inaweza kubaki inatembea chini kwa chini, kuna setingi yake ya kuendelea kufanya kazi hata ikishafungwa, ukiangalia kwenye Task Manager, ile orodha ya programu zinazotembea, unazikuta zimejipanga hata kumi, wakati mezani hakuna dirisha hata moja. Ilivyofunga kwa nguvu siku ile, mashine moja peke yake ilitoa takataka GB 6 za brauza tupu. Miaka mitatu hiyo nafagia sebuleni tu, chumbani sijawahi kuingia.

Kwa hiyo sisemi kufunga brauza ni kosa. Kosa ni kufunga bila kuuliza, halafu kuliweka hilo ndo la kawaida kwa mtu ambaye tayari ana ratiba aliyoipanga kwa tabia ya zamani. Ingeuliza hata kwa sekunde thelathini ningebonyeza hapana tukamalizia zile tarakimu tatu.

Nilichofanya, nimeingia kwenye setingi upande wa brauza, nimetoa tiki kwenye kufunga yenyewe nikarudisha kwenye kuuliza. Ratiba nimeihamishia saa mbili usiku wakati nafunga hesabu. Halafu kwenye orodha ya vitu visivyofutwa nimeiweka WhatsApp ya kwenye brauza, maana baada ya kuhamia usiku hiyo nayo ilikuwa inafutwa, kila asubuhi naanza kuskani kile kimraba kwa simu huku foleni inanitazama. Jueni pia ukishafagia, kurasa za kwanza asubuhi zinakuwa nzito na bando linaliwa kidogo, kwa sababu mapicha yote yanashushwa upya. Hizo mashine mbili wanazokaa wateja wenyewe siku hizi nawafungulia Chrome ile ya mgeni, akifunga dirisha inafuta mambo yake yenyewe bila kisafishio chochote. Ningeijua hiyo mapema sijui hata kama ningehangaika na hii programu.

Nyota nimeipa tatu. Kusafisha inasafisha kuliko zamani, hilo siwezi kulikataa, mashine zimekuwa nyepesi hata mdogo wangu anayenisaidia amegundua bila kuambiwa. Mbili nimekata kwa ajili ya yule mama.

Ila aisee juzi imejiapdeti tena usiku, asubuhi nimeangalia nimekuta ile tiki imerudi pale pale nilipoitoa. Mwenye kujua namna ya kuizuia isijirudishie setingi zake aniambie, kabla ya saa mbili usiku.