Gundi nyeupe ya mbao kwenye fomubodi: uzoefu wangu nikijenga tembe ya bibi

Nusu kilo ya gundi nyeupe, ile ya maseremala, niliyonunua duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma mjini, imefanya kazi ya kufunika kuta za fomubodi iliyoshindikana kwa makopo mawili ya rangi ya kupuliza. Nawaandikia wenzangu mnaotengeneza nyumba ndogo za mfano kwa fomubodi, yaani bodi nyepesi ya povu, maana mwezi wa saba niliharibu ukuta mzima kwa kusikiliza ushauri mbaya.

Ninachojenga ni tembe ya Kigogo: paa bapa lililofunikwa udongo, kuta fupi, vyumba vimezunguka ua wa mifugo. Bibi yangu alizaliwa ndani ya tembe kule Mvumi. Siku hizi ukipita vijijini unaona bati tu, na mimi nataka wanangu waijue nyumba aliyotokea bibi yao, walau juu ya meza.

Fomubodi niliyotumia ina unene wa milimita 5, karatasi pande mbili na povu la polistirini katikati. Muuzaji wa rangi aliniambia nipulize tu, haina shida. Kwenye karatasi rangi ilikaa vizuri. Ila kwenye kingo nilizokata kwa kisu, na pale nilipobandua karatasi ili nichore nyufa, povu lilianza kunywea huku naliangalia. Baada ya dakika chache ukuta ulikuwa na vishimo kama mbao iliyoliwa na mchwa. Viyeyusho vilivyomo kwenye rangi ya kupuliza hula polistirini, na thina na gundi ya viatu ni hivyo hivyo. Niliumia sana, maana ukuta ule ulikuwa na milango yote miwili.

Gundi nyeupe ni ya maji, haili povu. Nachanganya vijiko viwili vya gundi na kimoja cha maji, napiga mkono wa kwanza mwepesi kwa brashi, kingo zote na ndani ya fremu za milango. Upande wa nyuma pia, tafadhali. Ukipaka upande mmoja tu, karatasi inanywa maji, ikikauka inavuta, na bodi inapinda. Usianike juani ili kuharakisha; jua la Dodoma litakupindishia kazi kabla ya chakula cha mchana. Mimi naweka juu ya kabati, nalala, naendelea kesho.

Mkono wa pili ndio wenye raha. Udongo mwekundu nilioutoa Mvumi niliuchekecha kwa chujio kuukuu la chai mpaka ukawa laini kama unga, nikaumimina kwenye gundi hadi ukawa uji mzito. Hapo nikaacha brashi, nikakandika kwa vidole. Alama za vidole zilibaki ukutani zilezile za mtu anayekandika nyumba ya kweli, na sikuzifuta.

Kabla ya hapo, mahali nilipobandua karatasi, nilifinyanga foili ikawa donge lenye makunyanzi, nikaligandamiza kwenye povu kila mahali, kisha nikachora nyufa kwa kalamu ya wino. Nilimpelekea bibi aione. Akaishika, akaigeuzageuza, akasema, "Mjukuu wangu, mbona ina kona kama sanduku? Tembe haina kona kali, na ukuta chini unanenepa." Nikarudi nyumbani, nikapiga msasa kona zote, nikaongeza udongo chini. Alisema kweli kabisa. Kitu kilichokuwa kimekosekana ni hicho.

Nilijaribu pia poda ya kupigia skimu kuta, kwa maji matupu. Ilikauka haraka kwa upepo wa msimu ule, ikapasuka na kubanduka vipande. Nilipoongeza kijiko cha gundi kwenye mchanganyiko ilishika vizuri, lakini kwa tembe bado nachagua udongo wenyewe. Poda ingefaa zaidi nyumba ya matofali yenye plasta.

Paa nimelijenga kwa njiti za chelewa badala ya magogo, ncha zikitokeza nje ya ukuta kidogo, juu yake udongo na gundi. Rangi ya maji, ile ya kawaida ya kuta, niliichovya kidogo sana kwa brashi kavu ili nyufa zibaki na kivuli.

Kasoro ya gundi hii ni moja, nayo ni kubwa: haipendi maji hata ikishakauka. Mtoto alimwagia kona moja chai, pakalainika na kugeuka weupe. Nimepakandika upya, na safari hii nimepiga juu mikono miwili ya vanishi ya maji. Gundi iliyobaki koponi inatosha nyumba nyingine, na bibi ameshaniuliza zizi la ndama litakaa wapi.