Baseball Savant: tovuti ya kumsoma Aroldis Chapman mpira mmoja mmoja

Baseball Savant ni tovuti ya takwimu ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB. Haitozi hata senti, haikutaki ujisajili, na kwa maoni yangu hakuna mahali pengine ambapo mrushaji wa akiba hutendewa haki kama pale. Mrushaji wa aina hiyo huingizwa mechi ikiwa inaelekea ukingoni, mara nyingi katika awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, akarusha mipira kumi na mitano au ishirini, kisha kazi yake ikawa imekwisha. Taarifa ya mechi humtengea mstari mmoja tu. Tovuti hii humtengea kila mpira alioutoa mkononi: umeruka kwa kasi gani, umejizungusha mara ngapi, umepita wapi mbele ya mpigaji, na umeishia vipi.

Nimeamua kuipima tovuti hii kwa Aroldis Chapman, Mcuba wa Holguín anayerusha kwa mkono wa kushoto, kwa sababu safari yake yote katika MLB imo ndani ya kumbukumbu zake. Vipimo vya kila mpira vilivyohifadhiwa humo vinaanzia mwaka 2008, naye alianza kuichezea Cincinnati Reds tarehe 31 Agosti 2010.

Mgeni yeyote ataanza na kasi, na ndipo uzuri wa tovuti unapojitokeza. Tarehe 24 Septemba 2010, jijini San Diego, Chapman alimrushia Tony Gwynn Mdogo mpira uliotangazwa kuwa na kasi ya maili 105.1 kwa saa, yaani takribani kilomita 169. Leo mpira huohuo unahesabiwa kuwa wa maili 105.8, zaidi kidogo ya kilomita 170. Hakuna aliyeupamba. Mitambo ya wakati ule ilisoma kasi mpira ukiwa umeshauacha mkono na kusafiri kidogo, nao hupunguzwa mwendo na hewa kadiri unavyokwenda. Mfumo wa Statcast, uliofungwa katika viwanja vyote 30 vya ligi mwaka 2015, huhesabu kasi pale mpira unapoachiwa, hivyo rekodi za zamani zikalazimika kukokotolewa upya ili zilingane na mpya. Naiheshimu sana kazi hii ya usawazishaji. Bila ya hiyo, tungekuwa tunawalinganisha vijana wa leo na Chapman wa 2010 kwa mizani miwili tofauti, na kumwonea mmoja wao.

Kwa vipimo hivyo, hakuna mpira mwingine uliorekodiwa katika mechi ya MLB ukaufikia ule wa San Diego. Tena kuna kipindi jedwali la Statcast la mipira yenye kasi zaidi lilijaa jina lake kiasi kwamba ligi iliweka kichujio cha kumwondoa Chapman, ili msomaji apate kuwaona warushaji wengine. Sijui mchezaji mwingine aliyewahi kupewa heshima ya namna hiyo na mashine.

Hata hivyo, faida kubwa ya tovuti haiko kwenye kilele hicho. Iko kwenye usiku mgumu. Chukua World Series, yaani fainali ya MLB, ya 2016, Chicago Cubs, timu ya Chapman wakati huo, dhidi ya Cleveland. Katika mechi ya tano Chapman aliachiwa awatoe wapigaji wanane, akarusha mipira 42. Katika mechi ya sita akaongezewa mingine 20 ilhali Cubs walikuwa wanaongoza kwa mbali. Na usiku uliofuata, tarehe 2 Novemba, aliitwa tena katika awamu ya nane ya mechi ya saba. Ukifungua mipira ya usiku huo, utaona namba zinazosimulia uchovu kuliko mtangazaji yeyote: mkono uliozoea kuvuka maili 100 sasa umepungua kasi, na mmoja wa mipira hiyo ndio Rajai Davis wa Cleveland alioupiga hadi nje ya uwanja, mchezo ukawa 6-6. Cubs walishinda 8-7 katika awamu ya kumi, likawa taji lao la kwanza tangu 1908, na kwa kanuni za hesabu ushindi ukaandikwa kwa jina la Chapman mwenyewe. Mtu akisoma matokeo tu atadhani alitamba. Akisoma kasi ya mpira mmoja mmoja, ataelewa kwamba alitumiwa kupita kiasi, na lawama zangu nazipeleka kwa uamuzi wa kocha, si kwa mkono wa mrushaji.

Ukurasa wa kila mchezaji una safu ya miduara yenye namba kuanzia 1 hadi 100, bluu kwa walio mkiani na nyekundu kwa walio kileleni. Linganisha wa Chapman wa mwaka 2024, akiwa Pittsburgh, na ule wa 2025, akiwa Boston na umri wa miaka 37. Kasi ni nyekundu kotekote. Kinachobadilika ni mduara wa wapigaji anaowapa beisi ya bure kwa kukosa shabaha: aliwapa wapigaji 39 mwaka 2024, 15 tu mwaka 2025, kwa kiasi kilekile cha awamu, yaani 61 na ushei. Mwaka huo wa pili aliruhusu wastani wa mikimbio (alama za wapinzani) 1.17 kwa kila awamu tisa na kuokoa ushindi, yaani kuulinda hadi mwisho wa mechi, mara 32. Mchoro wa mahali mipira ilipopita huonyesha jambo hili waziwazi, na ndio ukurasa ningemwonyesha kwanza mtu anayedhani kwamba kurusha kwa nguvu kunatosha.

Kasoro zipo. Lugha ni Kiingereza, vichwa vya majedwali ni vifupisho vitupu, na vipimo ni vya maili na futi, kwa hiyo msomaji wetu hana budi kuzidisha maili kwa 1.6 kila anapotaka kilomita. Mizunguko ya mpira haikupimwa kwa njia hii kabla ya 2015, hivyo miaka mitano ya mwanzo ya Chapman inasomeka bila namba hizo.

Kuna pia yale ambayo mitambo haiwezi kuyaona. Hutakuta humo kwamba aliikimbia timu ya taifa ya Cuba nchini Uholanzi mwaka 2009, wala kwamba Machi 2014 mpira uliopigwa na Salvador Perez ulimvunja mifupa ya uso, akawekewa bamba la chuma juu ya jicho la kushoto. Miaka tisa baadaye, alipojiunga na Kansas City, Perez huyohuyo alikuwa mdakaji wake. Hutakuta pia kwamba mwaka 2016 alifungiwa mechi 30, wa kwanza kuadhibiwa chini ya kanuni mpya ya ligi kuhusu ukatili wa nyumbani, ingawa hakufunguliwa mashtaka mahakamani. Kwenye jedwali la mwaka huo, mwezi Aprili ni mtupu tu. Anayetaka kumjua mtu mzima, na si mkono peke yake, lazima asome magazeti sambamba na tovuti.

Kwa mashabiki wa Afrika Mashariki, nyenzo hii ina thamani ya pekee. Mechi inayoanza jioni kule Boston huanza kwetu kama saa nane usiku, na Chapman huingia alfajiri. Kufikia asubuhi mipira yake yote imekwisha kupangwa. Majedwali hayali bando sana; video ndizo za kuchagua kwa uangalifu. Anzia ukurasa wake, chagua mwaka, kisha fungua orodha ya mechi na usome mpira baada ya mpira.